Goti Lililobaki Ndani ya Uzio

Jeneza limeshatuliwa, shuka limetandwa juu ya kaburi, na watu wote wananitazama mimi. Kwetu mwanamke hapokelewi kaburini na mtu baki. Anashuka mwanawe au ndugu yake. Ndugu zake mama walishatangulia, na mtoto alinizaa mimi peke yangu. Nikakaa ukingoni, nikateremsha mguu wa kushoto. Wa kulia nikaukunja, ukagoma. Nikausukuma kwa mikono miwili, kama mtu anayefunga mlango ulioota kutu. Udongo ukaanza kumomonyoka chini yangu.

"Ondoka, ndugu yangu," imamu akaniambia polepole. "Utamwangukia."

Wakanivuta kwapani kama gunia. Akashuka jirani, mwanamume ambaye mama hajapata kupita mbele yake bila kujitanda kanga. Huyo ndiye aliyempokea. Mimi nilisimama pembeni na fimbo yangu.

Goti hili liliharibikia Afungi, huku kwetu kaskazini mwa Msumbiji, miaka ile gesi ilipopatikana na kila mwenye mikono akakimbilia kontrato, kazi za mkataba. Tulikuwa tunashusha mabomba kwenye lori. Kapatazi, yule msimamizi wa zamu yetu, ana haraka ya kwenda kula. Tukamwambia mabomba yamekaa vibaya, kamba isifunguliwe kwanza.

"Nyinyi watu wa pwani, kazi yenu kulala tu," akasema. Akaamuru ifunguliwe.

Mwenzangu wa upande wa pili alikufa palepale. Mimi bomba lilinipinda goti, mguu ukatazama kwingine. Watu huniambia ni kudura. Kudura naijua, lakini kamba ile ilifunguliwa kwa amri ya mtu.

Hospitalini, mjini Pemba huku huku kwetu, wakanipasua, wakaunga kano iliyokatika. Kisha nikawa natibiwa kwenye kliniki ya kampuni, humohumo Afungi ndani ya uzio, kwa fisioterapia. Fisioterapia kwangu ilikuwa dada mmoja wa Maputo anayekulalia mguu huku wewe unalia. "Dobra!" anasema, yaani kunja. Alinionya: kano imeshika vizuri, lakini goti lisipokunjwa kila siku litakauka hivyo hivyo lilivyo. Sikukosa siku. Likaanza kutii kidogokidogo, mpaka nikaweza kukaa kwenye kiti kama watu. Kusujudu bado, na kuchuchumaa bado.

Nyumbani zamu ilikuwa ya mama. Ananilaza kifudifudi mkekani, anashika kisigino, anakivuta kuelekea matakoni.

"Mama, unaniua!"

"Tumboni mwangu ulikaa umejikunja wewe, leo unanidekea? Kunja! Mimi sitaki kushushwa na mwanamume wa watu. Utanishusha wewe."

"Kwani unakwenda wapi?"

"Siendi popote mpaka goti hili likunjike."

Tunacheka, mimi na machozi yangu.

Asubuhi moja getini wakanivua krasha, kile kitambulisho cha shingoni. Kontrato imekwisha, mlinzi akasema. Nikamwambia sikuja kazini, nimekuja kukunjwa goti.

"Bila krasha huingii, kaka."

"Goti langu liko humo ndani. Limefika nusu."

"Basi kaa hapo ulisubiri litoke."

Wenzake wakacheka. Nikaomba kumwona chefe, mkuu wa wafanyakazi. Huyu alinijia kitandani Pemba na mfuko wa machungwa, akamwahidi mama aliyekuwa ananiuguza: tutamtibu mpaka atembee na ainame kama zamani. Akaja mpaka kwenye uzio, akanitazama nilivyosimama.

"Mbona unatembea?" akasema. Akarudi ndani.

Sikuacha. Nilirudi getini mara nyingi, mpaka mwenye pikipiki akaona haya kunipeleka. Mjini kwetu Palma sikupata mtu wa kazi ile ya kukunja goti. Nikajaza mchanga kwenye soksi, nikaifunga kifundoni, nikawa nainua mguu na kushusha. Mama akavuta mpaka mikono ikamwisha nguvu. Akabuni namna nyingine: anaweka mguu wangu kifuani pake, ananiegemea kwa mwili mzima. Hapo ndipo nilipojua anaumwa. Kila wiki uzito ule ulipungua, na yeye bado anasema, "Kunja." Mwisho nilikuwa nahisi kama nimeegemewa na kanga tupu.

Goti liligandia pale pale walipoliachia. Mama akaondoka kabla halijakunjika.

Kapatazi nasikia alirudi kwao. Chefe yupo, amehamia kazi nyingine, anapita na gari vioo vimefungwa. Sitaki machungwa yake. Namtaka aje kwa miguu yake mizima, asimame pale makaburini, achuchumae, maana yeye anaweza. Mimi asinijibu kitu. Amjibu mama, yule aliyemwahidi, amwambie kwa mdomo wake: kwa nini alipokelewa na mwanamume wa watu, na mwanawe yuko hai, amesimama hapo juu?