Kibanja Kilichogeuka Rweya

Kwa kazi mimi ni bibi shamba. Hapa Muleba ninalipwa kuwafundisha kulima watu waliokuwa wakilima kabla sijazaliwa. Kwa adabu zao wananisikiliza, wananipigia makofi, kisha wanarudi nyumbani kufanya walichokuwa wakifanya. Msikilizaji mmoja tu ndiye aliyewahi kunitii neno kwa neno, naye ni mama yangu. Na karibu nimpotezee kibanja.

Kwetu ni Kashozi. Kibanja ni lile shamba linaloizunguka nyumba, migomba na mibuni pamoja, udongo mweusi ambao ukiukanyaga mguu unazama kidogo. Ukitoka hapo unaingia rweya, uwanda wa nyasi, ambako hata muhogo unaota kwa kununa. Nyasi za rweya ndizo zinazotandazwa kibanjani chini ya migomba. Mama alizibeba kichwani tangu alipoolewa, mzigo baada ya mzigo, hadi siku alipoteleza nazo akaumia kiuno.

Nilikwenda mbio nikiwa na hasira. Nimemkasirikia nani, sijui. Pengine nyasi. Nilitaka aache kubeba, na kwa kuwa mama si mtu wa kubembelezwa, nikaamua kumshinda kwa sayansi. Nikatia udongo wa kibanjani kwenye chupa moja, wa rweya kwenye chupa ya pili, nikajaza maji, nikatikisa, nikaziweka mezani zitulie. Kesho yake nikamwita aone. Mchanga ulikuwa umekaa chini, juu yake tope laini, na juu kabisa mfinyanzi kidogo. Chupa zote mbili zilijaa mchanga, karibu sawasawa.

"Unaona, mama? Ni udongo uleule. Nyasi zako miaka yote hii hazijabadilisha kitu."

Jamani! Nikiyakumbuka maneno yale natamani ardhi ipasuke inimeze. Mama alizitazama zile chupa, akasema, "Haya, mtaalamu. Kama serikali imesema." Nikarudi Muleba kichwa kimevimba.

Chupa hazikudanganya. Mimi ndiye niliyezisoma nusu. Chupa inaonyesha udongo una chembe za aina gani; haionyeshi chembe hizo zimeshikanaje, kwa sababu ukiitikisa, huko kushikana ndiko unakokuvunja kwanza. Mchanga wa kibanjani ulikuwa umeshikwa na mboji ukawa vibonge vyepesi, katikati yake kuna vijinjia vya maji na hewa, na humo ndimo mizizi inamopita. Hiyo ndiyo kazi ya nyasi. Nilifundishwa haya chuoni, nikayajibu kwenye mtihani, na nikafaulu vizuri sana.

Mama aliacha kubeba nyasi, na masika ya pili yaliukuta udongo uko uchi. Matone yakaupiga, ukaganda juu kama ukoko wa ugali. Maji yakakataa kuzama, yakakimbilia barabarani na weusi wote. Kiangazi kilipofika hapakuwa na unyevu wa kutosha chini, na migomba ikaanza kuanguka na mikungu yake michanga.

Hapo akaja baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, mtu ambaye haji bila jambo. Alikizunguka kibanja mikono ikiwa nyuma.

"Shemeji," akamwambia mama, "hiki sasa ni rweya."

Kwetu sisi Wahaya, ukimwambia mjane hivyo umemchapa kofi. Kibanja ni cha ukoo; mjane anakaa humo akikitunza. Akaongeza kwamba vuli ikipita hali ikiwa hiyohiyo, ukoo utakaa uangalie nani anakiweza. Mama akaitikia kwa heshima zote, "Sawa, waitu." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na vyeti vyangu vyote.

Nikachukua likizo. Bibi shamba mzima akaenda rweya na panga, akakata nyasi, akasokota ngata, akabeba. Siku ya kwanza shingo iligoma kugeuka. Majirani wakaja kunipa pole huku wakicheka: "Leo semina iko wapi, mtaalamu?" Nikaomba samadi ya ng'ombe, nikamwaga maganda ya ndizi na majivu ya jikoni, nikafunika kila shina. Likizo ilipokwisha, Jumamosi zangu zote zikaendelea kuishia huko. Vuli iliponyesha nilisimama nje nikilowa kama chizi, nikiyatazama maji. Yalikuwa yakizama. Si yote, lakini yalikuwa yakizama, na nililia waziwazi.

Baba mdogo alirudi mvua zilipoisha. Akachokonoa udongo kwa fimbo, fimbo ikaingia. Akatafuna punje za kahawa tulizomkaribisha nazo, kama ilivyo desturi kwetu, akaongea siasa, akaenda zake. Habari ya ukoo kukaa hakuigusa tena.

Jioni ile nikamwomba mama msamaha, kwa zile chupa na kwa yale maneno.

"Lakini mama, wewe unakijua kibanja hiki kuliko mimi. Kwa nini ulikubali?"

Alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua uso.

"Nilijua kitaharibika," akasema. "Lakini tangu niolewe hapa, mwanangu, hakuna mtu aliyewahi kuniambia nitue mzigo. Nikasema, acha nipumzike kidogo kabla hujagundua."