Mlango wa Nyuma wa Kobe

Mariam Poni wa Koboko alikuwa na miaka minne wazazi wake walipokimbilia Kongo, baba akiwa mwanajeshi aliyeshindwa vita, mama na sufuria zake mbili. Alikulia ukingoni mwa msitu. Huko aliwajua kobe wa msituni jinsi wengine wanavyowajua kuku: hupenda matope na majani yaliyooza, hula uyoga na konokono, jua kali huwachosha. Na gamba lao lina bawaba mgongoni. Kobe huyo akiogopa hushusha sehemu ya nyuma, miguu ya nyuma na mkia vikafungiwa ndani.

Aliporudi Koboko, ng'ambo ya mpaka, akaolewa, elimu yote hiyo haikumpatia hata kikombe cha chai ya heshima. Mumewe, Soka, alipofariki, alibaki kwenye kiwanja cha shemeji yake Fadhul, mfanyabiashara mwenye mdomo mchafu, aliyemwita "mtu ya Kongo" mbele ya wateja. Mariam alimeza tu. Angekwenda wapi?

Alhamisi moja Fadhul alileta kobe wa msituni kutoka mpakani, maana tajiri mmoja wa Arua alitaka wa kufuga. Akatoboa ukingo wa nyuma wa gamba kwa msumari wa moto, kama kila mtu afungavyo kobe, akapitisha waya na kuukaza kwenye nondo za dirisha hadi gamba la nyuma likainuka.

"Shemeji, hii ya msitu iko na mlango ya nyuma," Mariam alimwambia. "Ukivuta hivi, haiwezi kufunga. Toboa mbele. Mbwa iko hapa."

"Kobe na mlango! Rudi Kongo, fundisha huko."

Jioni alimwambia tena. Akajibiwa afunge kwanza mlango wa mdomo wake.

Ijumaa, waliporudi kutoka msikitini, mbwa alikuwa amekwisha kutafuna mguu mmoja wa nyuma. Kobe bado alikuwa hai, na hilo ndilo lililomuuma Mariam zaidi. Alichukua koleo, akakata waya. Gamba likashuka taratibu, likafunga kabisa.

Fadhul alikodoa macho. "Kumbe inafunga! Mbona hukusema?"

Katika miaka kumi na moja ya ujane, Mariam hakuwahi kumchukia mtu kiasi kile. Alimpakata kobe, damu ikimchuruzikia kwenye kanga.

"Mimi mtu ya Kongo," alisema. "Nani anasikia mimi?"

Akampeleka kwenye matope ya kisimani.