Reli ya mbao waliyopanga watoto wangu mpaka kwa kiti cha guka, babu yao

Wakuu, salamu kutoka upande wa Meru. Mimi huwa nasoma tu hapa na kupita. Leo nimeamua kuandika kitu kilichonipata mwenyewe likizo ya Aprili, na sijaongeza chumvi.

Mzee wangu ni fundi seremala pale Ruiri. Ama niseme alikuwa.

Mwaka jana alipata stroke, mkono wa kulia ukabaki umelegea. Kutembea anatembea, kuongea anaweza, lakini akaamua kunyamaza. Workshop ikafungwa.

Siku moja akaniambia, "Tafuta mtu wa kazi umpatie hizo tools zote." Nikajifanya sijasikia.

Sasa, tukiwa wadogo mzee alifanya kazi Nanyuki kwa muda, na huko ndiko aliona treni. Aliporudi akatuchongea moja, pamoja na reli zake, kutoka kwa vipande vya mbao za grevillea vilivyobaki. Kila kipande kilikuwa na mifereji miwili ya magurudumu, kichwa upande huu, tundu upande ule. Unashikanisha tu.

Hakutuonyesha namna ya kupanga. Dada yangu Karimi alipenda duara. Mimi nilitaka ndefu, itoke mlangoni mpaka chini ya kitanda. Stesheni zetu zilikuwa Kianjai, Kiirua na Ruiri. Treni ya ukweli haijawahi kufika hizo pande, lakini yetu ilisimama kote.

Mama alikuwa anaruka reli na sufuria ya chai mkononi, na hakuwahi kutuambia tutoe. Alishatuacha, Mungu amlaze pema. Nikikumbuka miguu yake ikitafuta mahali pa kukanyaga, wakuu, acha tu.

Turudi kwa story.

Nilienda nyumbani na watoto wangu, Mwenda wa miaka tisa na Makena wa sita. Siku ya pili mvua ikatufungia ndani. Nikatoa store sanduku la ile treni na reli zake, nikaanza kuwapangia layout yangu ya zamani.

Makena akaniangalia. "Baba, hiyo ni yako. Sisi tunataka yetu."

Nikakaa kando. Wakabishana karibu saa nzima. Mwenda alijenga daraja kwa vitabu, likaanguka mara tatu. Mwishowe wakakubaliana reli ianze mlango wa jikoni, izunguke meza, iishie kwa kiti cha guka.

"Ndio tumpelekee njugu na asiinuke kwa kiti," Makena akasema.

Mzee alikuwa kwa hicho kiti, anaangalia nje dirishani.

Reli ikaisha kabla ya kufika. Ilibaki kama hatua mbili.

Mwenda akasema tusogeze kiti. Makena akakataa, akaenda akasimama mbele ya mzee. "Guka, reli imeisha. Baba anasema ni wewe ulitengeneza. Ongeza zingine."

Nilitaka kumwita arudi. Mzee aliangalia mkono wake, halafu akaangalia lile pengo. Akaliangalia sana.

"Hapo inataka kona moja na tatu za kunyooka," akasema. Akanigeukia. "Ufunguo wa workshop uko wapi?"

Tulifanya hiyo kazi siku mbili. Mimi nilishika mbao, mzee akachonga na mkono wa kushoto, watoto wakapiga msasa. Zile za kunyooka zilikubali.

Kona ikapasuka. Mzee akatupa patasi chini, akakaa. Nikajua tumerudi pale pale.

Mwenda akaiokota, akaipanguza na shati, akamrudishia. Mzee akaipokea, akasema, "Nipe mbao ingine."

Jioni hiyo treni ilitoka jikoni ikisukumwa na Makena, ikazunguka meza, ikafika kwa kona. Ikayumba, ikalia, ikapita. Ikasimama kwa mguu wa mzee na njugu tano.

Alizila moja moja, machozi yakimtoka. Halafu akainama akapapasa mifereji.

"Hii kona ni ya aibu," akasema. "Kesho narudia."

Nilichojifunza ni hiki. Nilienda kuwapatia watoto mchezo wangu, na ningeng'ang'ana na layout yangu, reli ingeishia chini ya kitanda. Wapeni vipande, muwaache wapange.

Wewe ulichongewa nini na wazazi wako, na sasa kiko wapi? Andika hapo chini, nitasoma zote. Nitamsomea mzee pia.