Masikio ya Mughwai

Mwaka uliofuata ule wa nzige, mgodi wa dhahabu kule Iramba ulileta mashine za upepo za kutobolea mwamba. Kabla ya hapo Mughwai, mtu wa Ikungi, alitoboa kwa mtaimbo na nyundo, mashimo mawili ya baruti kutwa nzima. Mashine ilitoboa kumi kabla jua halijapanda. Mughwai aliipenda, tusidanganyane.

Lakini sifa yake haikutokana na mashine. Baruti ikishalipuka, yeye ndiye aliyetangulia kuingia, akagonga dari kwa nyundo ndogo. Mwamba mzima hulia kama chuma, ulioachana hulia kama chungu chenye ufa. Akisema piteni, watu walipita. Miaka saba hakuna aliyefukiwa.

Miaka hiyo hiyo ngurumo ya mashine ilimla masikio. Dina, mkewe aliyebaki Ikungi, alijua kwanza, alipomjia likizo. Alimsihi akaseme kwa nyapara, naye akajibu kwamba mwamba anaujua tangu Dina hajaolewa. Basi akawa anagonga huku anamtazama usoni Naftali, mdogo wake Dina, aliyemshikia taa. Naftali akikunja uso, Mughwai husema bado. Uso ukitulia, husema piteni. Hata Naftali mwenyewe hakujua kuwa anasomwa.

Siku moja moshi wa baruti uligoma kutoka. Nyapara alikuwa akihimiza, watu kumi na wawili wamesimama nyuma. Mughwai akagonga. Kimya. Akageuka kumtazama Naftali, akaona moshi tu na taa. Neno "piteni" lilikuwa limeshafika mdomoni.

Akalimeza. Akanyoosha nyundo.

"Shemeji, gonga wewe. Mimi sisikii tangu mavuno ya mwaka juzi."

Naftali alidhani anataniwa. Akagonga mara moja, mara ya pili, kisha akamvuta Mughwai shati kwa nguvu, wakarudi nyuma wote. Walipouchokoa mwamba kwa mtaimbo mrefu, lilianguka bamba kubwa kuliko ng'ombe, pale pale alipokuwa amesimama Mughwai.

Hakuna aliyemcheka, na hilo lilimuuma zaidi. Alifunga blanketi lake akaenda kwao kwa miguu, siku tatu.

Alimkuta Dina uani anatwanga mtama. Aliuona mchi ukipanda na kushuka bila sauti. Dina alimtazama, akaona blanketi, akaendelea kutwanga. Mughwai akaketi chini, akaweka kiganja ardhini. Hapo akausikia mchi.