Jina Asilolitaja Mectilda

Mectilda alipomwona Judica anashuka kwenye bodaboda siku ya Jumatano, na shule hazijafungwa, alijua kuna jambo. Mwalimu haachi darasa Katesh akaja Gehandu katikati ya juma kusalimia tu. Aliendelea kupepeta maharage yake. Judica alisema shikamoo akiwa bado getini, akaitikiwa marahaba, akaja kuketi juu ya kinu kilicholazwa, akatoa simu. Hakuomba hata maji.

Judica hakutoka tumboni mwa Mectilda, na hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote mwenye macho. Rangi yake ilikuwa ya chai yenye maziwa mengi, na nywele zake zilikuwa zikivunja vitana vya wasusi wote wa Katesh. Baba yake, Basili, alikwenda kusomea udaktari wa mifugo mji wa Kharkiv, nchi ya Ukraine, ingawa siku zile watu wote hapa walisema Urusi tu. Alirudi amebeba mtoto wa kike wa miaka miwili. Mama wa mtoto, aliyeitwa Halina, alikuwa amekufa kwa ugonjwa. Mwaka uliofuata Basili alimwoa Mectilda, na mtoto akamwita Mectilda mama kabla hajajua Kiswahili sawasawa.

Tangu Krismasi Judica alikuwa akiwatafuta ndugu wa Halina. Alikuwa na picha moja, mwanamke mwenye koti zito amemkumbatia mtoto, theluji nyuma yake, na hilo jina Halina peke yake. Kupitia simu alimpata mama mmoja wa Kharkiv, Lesia, ambaye kazi yake ya kujitolea ilikuwa kuwatafutia watu wazee wao. Lesia aliuliza baba aliitwaje. Judica akajibu, Basili Gidamis. Lesia akatafuta katika chuo alichosoma. Hakuwahi kuwapo mwanafunzi wa ukoo wa Gidamis.

Sasa Lesia alikuwa ameleta habari mbaya. Kwa sababu ya mabomu ya vita, vitabu vyote vya zamani vya majina ya wanafunzi wa chuo kile vinafungwa kwenye makasha na kupelekwa mbali kwa lori Ijumaa. Vikiondoka, hakuna ajuaye vitafunguliwa lini, wala kama vitafika. Majina yamepangwa kwa ukoo, maelfu ya wageni kutoka kila nchi. Bila jina la ukoo, ni kama kumtafuta mbuzi wako mweusi usiku katika zizi la watu.

"Mama," Judica alisema, "baba alikwenda kule kwa jina la nani?"

"Alikwenda kwa jina la baba yake."

"Na baba yake aliitwa nani?"

Mectilda akaweka ungo chini.

Kwa Wabarbaig, kabila lao, mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe wake. Halitaji akiwa na njaa, halitaji akiwa na hasira, halitaji mzee akishafariki. Hata neno la kawaida likifanana na jina hilo, analiacha na kutumia lingine. Wapo wanaoteleza, na baraza la wanawake linawatoza faini. Mectilda hakuwahi kuteleza. Wake wengine wa boma walipokuwa wakitozwa, yeye ndiye aliyeitwa kukaa upande wa watozaji, na alikaa mgongo ukiwa umenyooka. Alikuwa mtu wa kanisani, mwenye darasa la saba lake, na aliwaambia wasichana wa siku hizi kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Na jina la Gidamis lilitokana na hilohilo. Mectilda alipokuwa na mimba ya kwanza, alikwenda zahanati moja, na muuguzi mgeni, aliyetoka mkoa mwingine, akamuuliza mume wake ni Basili nani. Mectilda alinyamaza. Akaulizwa tena, akanyamaza. Muuguzi akawageukia wanawake waliokuwa kwenye foleni na kuwaambia kwamba huyu hamjui hata baba wa mtoto wake. Wakacheka. Mectilda akatoka bila kupimwa, akatembea hadi nyumbani. Mimba ile haikufika, na nyingine haikuja tena.

Basili hakusema kitu siku ile. Mwezi uliofuata alikwenda kuapa mahakamani, akabadilisha jina. Akachukua jina la mzee aliyemsimamia ubatizo, mtu wa ukoo mwingine, jina ambalo mke wake angeweza kulitaja mbele ya yeyote. Hata wanaume wa boma aliwaomba wamwite baba yake Mzee tu, wanawake wasije wakaingia mtegoni. Mzee mwenyewe alifariki Judica akiwa hajaanza shule. Naye Basili alipokufa, vyeti vyake vya zamani vilibaki kwenye sanduku nyumbani Katesh, na tope lililoshuka mlimani likalibeba sanduku na nyumba.

"Kwa hiyo unalijua," Judica alisema polepole. "Unalijua, na umekaa nalo."

"Sikukaa nalo. Sikulitumia."

"Niandikie basi. Hutalitaja. Andika tu kwenye mchanga, nitalifuta."

"Kuandika ni kutaja kwa mkono."

Judica alisimama, akaenda hadi kwenye ua, akarudi. Alisema mambo ambayo mtoto humwambia mama mara moja tu. Kwamba yeye ametafuta damu ya mama yake akiwa gizani miezi hii yote, na taa ilikuwa hapa imefunikwa kwa chungu. Kwamba labda kuna mtu hataki hiyo damu ipatikane. Mectilda alimwangalia bila kupepesa macho. Lile neno la mwisho lilimchoma, maana halikuwa uongo mtupu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alikuwa akitafuta kwao kwingine.

Alichojibu ni kwamba kesho alfajiri watakwenda Haydom. Gidahosh, mtoto wa baba mdogo wake Basili, alikuwa amelazwa hospitalini. Yeye ni mwanaume wa nyumba ile, wa mwisho aliyebaki huku. Wengine walihama na ng'ombe wao kusini, hawana simu inayoshika. Gidahosh atalitaja jina hilo bila shida yoyote.

Asubuhi yake basi lilisimama Basotu kuchukua abiria. Mectilda alishuka, akarudi na dumu dogo la asali, akaliweka katikati ya miguu. Judica alidhani ni ya mgonjwa. Hakuuliza.

Wodini walimkuta Angela, mke wa Gidahosh, amekaa pembeni ya kitanda akimpepea mzee kwa ukurasa wa kalenda. Aliwakaribisha, akatandika khanga waketi. Kisha Mectilda akasogea na kuona mdomo wa mzee ulivyoanguka upande, na mate yanavyotiririka kwenye mto. Ni kiharusi, Angela alieleza, tangu Jumapili. Anasikia kila kitu, anaelewa, ila neno halitoki.

"Miaka yote nimemwomba Mungu ampunguzie maneno huyu mzee," Angela alisema. "Amenisikia wiki hii, siku mnayomhitaji."

Judica alimgeukia. Midomo ilikuwa tayari imefunguka kuuliza.

"Usinitazame mimi, mwanangu. Babu yako ni mkwe wangu pia. Nikisema, mama yako hapa ndiye atakayenitoza."

Hakuna aliyecheka. Simu ya Judica ikalia, ujumbe wa Lesia. Aliusoma mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti, akitafsiri. Lori limekuja leo, halikungoja Ijumaa. Lesia yuko chumbani na makasha. Watu wanabeba. Atawazuia kadiri atakavyoweza, labda saa moja.

Judica alipiga magoti kando ya kitanda, akaanza kubahatisha. Alitaja kila jina la Kibarbaig alilowahi kulisikia, na mzee akatikisa kichwa, hapana, hapana. Alitaja majina ya wanafunzi wake. Alitaja majina ya wazee wa mnadani. Jasho lilimtoka. Gidahosh alifumba macho kwa uchovu, na Angela akasema basi, utamuua.

Hapo Mectilda alinyanyuka. Alivua mtandio, akaukunja vizuri, akauweka juu ya dumu la asali. Akamwambia Judica asogee. Akashika mkono wa kushoto wa Gidahosh, ule ulio mzima.

"Shemeji," alisema, "wewe ndiye mwenye nyumba ile sasa. Mume wangu alificha jina la baba yake kwa ajili yangu, nisichekwe. Leo mtoto wake amefungiwa nje kwa ajili hiyohiyo. Nikilitaja, kosa liwe juu ya ulimi wangu peke yangu. Lisimfuate yeye. Kama unaniruhusu, nishike."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliacha kijiko kwenye uji. Gidahosh alimwangalia kwa muda mrefu, na kwa muda huo simu ililia tena na hakuna aliyeigusa. Kisha vidole vyake vikakaza. Akajaribu kuinua kichwa, akavuta pumzi kwa nguvu, midomo ikahangaika. Mectilda alielewa kabla ya Angela. Mzee alikuwa anataka kumtemea mate ya baraka, kama mwanaume wa ukoo anavyombariki mtu anayekwenda njia ngumu, na mdomo ulikuwa unakataa. Basi Mectilda akaweka kiganja chake chini ya ule upande ulioanguka, akayapokea mate yaliyokuwa yakitiririka yenyewe, akajipaka kifuani.

Akainama kwenye sikio la Judica, akalitaja jina.

Lilitoka kwa shida, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Alilirudia mara ya pili ili mtoto asikosee. Kisha akaketi kwenye khanga.

Judica alituma. Wakangoja. Angela alirudia kumpepea mzee. Nje basi lilikuwa likipakia wagonjwa waliopona, kondakta akiita Mbulu, Mbulu. Muda ulipita hadi Judica akaanza kuzima na kuwasha simu bila sababu. Kisha ikaja picha.

Ilikuwa ya ukurasa wa zamani, na pembeni yake kijana mwembamba mwenye nywele kubwa, macho yake yanatazama kamera kama anaidai kitu. Mectilda hakuhitaji kuambiwa ni nani. Hakuwahi kumwona Basili wa umri ule. Chini yake, Lesia alieleza, pameandikwa mke, Halina, binti wa Mykola, na jina la ukoo wao, na mji aliozaliwa, Poltava. Hili ndilo kasha la mwisho, aliandika, wananivuta. Lakini Poltava nina rafiki. Sasa tunaweza kuanza.

Judica alilisema jina la Mykola mara kadhaa, kama anayeonja chumvi. Alilia kidogo, akacheka kidogo. Kisha kwa furaha akamgeukia mama yake, akafungua mdomo kuyaunganisha majina ya babu zake wawili.

"Usilitaje mbele yangu," Mectilda alisema.

Judica akafunga mdomo. Akamshika mama yake bega, akaliacha shavu lake hapo. Baadaye aliomba radhi kwa maneno ya jana, na Mectilda akasema maneno ya jana yamelala jana. Akauliza tu kama huko Poltava kuna baridi sana, na kama mtu akienda kusalimia ndugu kule anarudi.

"Anarudi, mama. Kwao ni hapa."

Walipoaga, Angela alilitazama dumu la asali, akangoja. Mectilda alilibeba, akatoka nalo. Kwenye basi Judica alicheka, akamwambia wamesahau kumpa mgonjwa asali yake.

"Si yake," Mectilda alijibu. "Ni ya pombe ya faini ya baraza. Jumamosi nitawaita wanawake mwenyewe, niwaambie kabla hawajaambiwa. Nyingine itamwagwa kaburini kwa Mzee."

Basi likaipita Basotu, na vibanda vya asali vikabaki nyuma.

"Uliinunua asubuhi," Judica alisema. "Kabla hatujajua kama baba mkubwa hasemi."

Mectilda alikuwa akitazama dirishani, mgongo umenyooka, dumu limebanwa katikati ya miguu lisimwagike.