Mafuta ya Mama na Kikopo cha Makame

Kuna asubuhi moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Ilikuwa siku ya nikahi yangu. Niliamka nyumba nzima inanuka karafuu, na baba yangu amekaa juu ya mkeka, kichwa chini, analia.

Hebu kiweke chini hicho kikopo kwanza. Usimimine! Tangu alasiri nakutazama unavyofunga vitu vyako vya harusi, singo ya kujisugua mwilini kwenye kopo la aiskrimu, marashi kwenye chupa ya maji, na mimi nimenyamaza, nasema mwache mwali afurahi. Lakini mafuta ya karafuu hayo, la. Njoo ukae hapa karibu na bibi yako. Macho yangu yamechoka, ila pua yangu ni ileile.

Mama yangu aliitwa Mize. Alifariki mimi bado niko skuli. Kabla hajaugua alipata mafuta safi ya makonyo, yale yanayopikwa kwa vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Akayatia kwenye chupa ya kioo iliyokuwa ya dawa ya kifua, akaiziba kwa gunzi la hindi lililoviringwa kitambaa, akamwambia baba, "Haya ya Riziki, siku yake ikifika." Riziki ndiyo mimi. Unajua mwenyewe mwali wa hapa Vitongoji haolewi mpaka akandwe na kusingwa, na somo wake, yule mama anayemfunda, hutia matone machache tu ya mafuta hayo kwenye mafuta ya nazi, maana yenyewe ni makali, ukiyapaka peke yake yanachoma. Baba'ngu aliiweka chupa juu ya kabati. Tangu tumzike mama hakuwa akimtaja hata jina, lakini kila Ijumaa nikimwona anaipangusa vumbi.

Sasa babu yako Makame. Kijana wa Wesha, mrefu, mwembamba, maneno mengi. Alikuwa na kazi Dar es Salaam kwenye kiwanda cha plastiki, na hapa kijijini walimbatiza Bwana Ndoo. Mimi nisikufiche, nilimpenda tangu siku ya kwanza nilipomwona amejitwika mabeseni marefu kuliko yeye, anawasalimia watu asiowaona. Baba hakumtaka mwanzoni. "Mtu maisha yake makopo!" alisema. Kisha akamzoea, na baba yangu akishampenda mtu hupindukia.

Wiki ya harusi Makame alileta zawadi mbili. Moja ni beseni la buluu alilolitoa kwenye mashine kwa mikono yake mwenyewe. Ya pili ni kikopo alichokinunua dukani kule mjini, kinang'aa kama kioo, ukikitazama unaona mpaka upande wa pili, na mfuniko wake una rangi ya dhahabu. Akakigonga kwa ukucha, ti! "Mzee, hii ndiyo plastiki ya kisasa," akamwambia baba. "Haishiki kutu, haivuji, mjukuu wako atakikuta hivi hivi." Loo, hata nikahi bado, ameshafika kwa mjukuu! Baba alicheka mpaka akakohoa.

Basi ile jioni ya kuamkia nikahi, baba akaona aibu mafuta ya mke wake yaende kwa mwali ndani ya chupa ya dawa iliyozibwa kwa gunzi. Akayamimina kwenye kile kikopo kizuri, akafunga mfuniko, akakiweka juu ya kanga zangu za harusi. Masikini, alitaka kumheshimu mke wake na kumheshimu mkwewe kwa mkono mmoja.

Asubuhi kikopo kilikuwa kimeingia ukungu, na chini kimelegea kama sabuni iliyosahauliwa majini. Mafuta yote yametoka. Yamepita kwenye kanga, yamepita kwenye mkeka, sakafu yetu ya udongo imeyanywa.

Baba alipomaliza kulia akaanza kufoka. "Mtu analeta chombo kisichoweza kushika mafuta hata mpaka asubuhi, nimpe mwanangu amshike? Nikahi hakuna! Pelekeni habari Wesha." Majirani waliokuja kupika walisimama na miko yao mikononi. Mmoja akanong'ona kwamba ni mkosi, na wengine wakamjibu kwa kutikisa kichwa. Mimi niko nyuma ya pazia, mwali hatoki, nimejifunika kanga, nalia na kuchungulia. Nilikuwa nawalilia wawili kwa pamoja, mama na Makame, na sikujua nani namlilia zaidi.

Aliyeokoa siku ile ni somo wangu, Bi Kazija. Mwanamke mfupi, tambuu haimtoki mdomoni, na sauti yake ukiisikia unasimama kabla hujajua umekosa nini. Aliingia, akanusa, akatazama sakafu, akamtazama baba. Alituma mtu amwite Makame aje hapo hapo. Sasa fikiri, bwana harusi aitwe nyumbani kwa mwali kabla ya nikahi! Wazee walisema jambo hilo halijapata kutokea. Bi Kazija akasema basi leo litatokea.

Makame akaja mbio, kanzu ya kushindia, miguu ina vumbi. Alikiokota kikopo, akakinusa, akakibonyeza kwa dole gumba, dole likazama.

"Sikujua, mzee," akasema. "Nisamehe."

"Hukujua? Si wewe Bwana Ndoo?"

"Mwache aseme, Faki," Bi Kazija akamkata baba. "Makame, nieleze mimi mjinga. Plastiki si plastiki?"

"Siyo, bi mkubwa. Plastiki zina koo, na kila ukoo una tabia yake."

Akaeleza, na mimi nikayasikia yote nyuma ya pazia. Alisema zote asili yake ni mafuta na gesi zinazochimbwa ardhini, zikapikwa na wenye elimu hiyo zikawa punje ndogo kama mtama. Punje zikifika kiwandani kwao hutiwa kwenye mdomo wa mashine, ndani mna moto na parafujo kubwa inayozunguka, inaziyeyusha huku inazisukuma. Uji ule huingia kwenye kalibu la chuma linaloupa umbo, hupozwa kwa maji, kalibu likifunguliwa limedondoka beseni. Chupa na madumu hayamiminwi hivyo, hupulizwa upepo ndani kama puto mpaka yashike umbo la kalibu. Mifuko nayo hupulizwa, ila kama povu refu linalopanda juu, kisha hukatwa. Kamba huvutwa uzi uzi. Na uko ukoo mwingine, ule wa mishikio ya sufuria, ukishaiva umeiva, huwezi kuuyeyusha tena, kama yai lililochemshwa.

"Hili beseni langu na dumu la maji ni ndugu wa karibu," akasema. "Wanajikunja, hawavunjiki ovyo. Mabomba ya maji ni ukoo mwingine, mgumu. Hiki kinachong'aa ni ukoo mwingine kabisa. Kinapendeza kwa macho, kinafaa vitu vikavu, pini, shanga. Lakini mafuta makali yanakilegeza. Hayo najua sasa, mzee. Mimi kazi yangu mabeseni. Hiki nilikipenda kwa sura, nikakisifu."

Nilidhani baba atamrukia. Bi Kazija akamgeukia yeye kwanza.

"Na wewe Faki. Umeanika karafuu tangu una meno ya utoto. Hujui kama mafuta haya yanakula? Ulipoyamimina ulimuuliza mwenye kikopo?"

Baba akainamia mkeka.

"Yeye hakukuuliza utatia nini. Wewe hukumuuliza kinatiwa nini. Sasa mtoto wa watu avunjiwe harusi kwa sababu wanaume wawili wameona haya kuulizana?"

Kisha baba akasema kwa sauti ndogo sana, "Yalikuwa ya Mize." Ndipo watu wote wakafahamu kwamba hakuwa anagombea mafuta. Makame akaketi chini kando yake, pale pale kwenye mkeka uliolowa, akamshika mkono.

Bi Kazija akatema tambuu yake. Akavuta lile beseni la buluu, akaligonga. "Haya, bwana harusi. Na hili nalo? Tukipata mafuta mengine, nikiyaweka humu yatakaa?"

Ee Mola, nilivyoomba nyuma ya pazia! Nilikuwa naomba aseme ndiyo. Sema ndiyo tu Makame, baba apoe, tuoane. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Hapana," akasema. "Beseni hili zuri kwa maji, kwa unga, kwa nguo. Nimelitoa mwenyewe na nalijua. Mafuta haya, mzee, yakae kwenye kioo. Siwezi kukudanganya ili nioe."

Nikaliuma pindo la kanga. Nikasema basi, imekwisha.

Baba akainuka, akapangusa uso kwa kikoi, akanyoosha mkono juu ya kabati akashusha ile chupa ya dawa. Hakuwa ameitupa. Gunzi lake lipo pembeni. "Tazama, Kazija," akasema, "pengine hayakutoka yote."

Bi Kazija akaipindua chupa juu ya bakuli la mafuta ya nazi na kuishika hivyo hivyo, mkono umenyooka, watu wote wanatazama mdomo wa chupa. Likatoka tone. Tukangoja. Likatoka jingine, na jingine. "Yanatosha mwali mzima na yanabaki," akasema. "Mize hakuwa mchoyo."

Akaja ndani akanikanda mgongo na mikono. Mama alikuwa ameshakaa kaburini miaka, na mimi nilikuwa namnusa. Nililia tena, lakini safari ile Bi Kazija aliniacha nilie. Alasiri nikahi ikasomwa.

Hiyo ndiyo sababu nimekuzuia. Sasa sikiliza, maana kesho utakuwa na jiko lako. Mafuta makali ya karafuu yawekwe kwenye kioo. Uji wa moto usiutie kwenye chupa ya maji ya dukani, ile imefanywa kwa maji baridi, ikipata moto inajikunja na uji unashika ladha yake. Dumu lililokuwa la dawa ya shamba au rangi usilichotee maji ya kunywa, hata ukilisugua kwa mchanga na ndimu, maana plastiki inakunywa kidogo ya ilichobeba. Na usiwashie jiko kwa kipande cha ndoo kama wanavyofanya hawa jirani zetu, moshi ule haufai kwa kifua cha mtoto. Kilichopasuka kusanya uwape wanaonunua vyuma chakavu na plastiki, wengine huvisaga vikayeyushwa upya. Ukikitupa pwani, wewe utakufa na chenyewe kipo.

Na mume wako ni vivyo hivyo, nisikudanganye. Usimpende kwa kung'aa. Muulize anaweza kubeba nini, na wewe umwambie mapema ndani mwako mna nini kikali, maana sote tunacho. Akikwambia "hili siliwezi" usimdharau. Yule anayesema anaweza kila kitu ndiye atakayekulegea. Babu yako alinambia hapana nyingi katika maisha yetu, nami nikazinunia, wee, nilikuwa nanuna mimi! Lakini aliposema ndiyo, nililala usingizi.

Unaliona lile beseni la buluu ulilotia viazi? Mdomo wake umepinda upande mmoja. Alilitoa kwenye kalibu halijapoa sawasawa, kwa haraka, anasema alikuwa akiniwaza mimi. Buluu yake imefifia ikawa kama mbingu ya mchana. Baba yako alikogeshwa humo siku ya kuzaliwa. Wewe pia. Na mwaka juzi, walipokuja kuniuliza maji ya kumwoshea Makame yabebwe na nini, niliwapa hilo hilo. Yeye amerudi kwenye udongo, kazi ya mkono wake bado inabeba maji. Haliozi, mwanangu. Kuna siku nalitazama nalikasirikia kwa sababu hiyo, na kuna siku nalikumbatia.

Lichukue. Viazi nitavitafutia ungo. Na pale juu ya kabati, inyooshee mkono, hapo nyuma ya Msahafu, chupa ndogo ya dawa. Ndiyo, hiyo yenye gunzi. Kitambaa nimebadilisha, chupa ni ya mama yangu.

Mwenyezi Mungu akupe mume asiyeona haya kuuliza, na ulimi wa kumjibu kwa upole. Akupe nyumba yenye harufu nzuri, na watoto wa kukogesha ndani ya beseni la babu yao. Akuweke mbali na machozi ya bure, na yale yasiyo ya bure akupe mtu wa kuketi chini nawe. Amin.

Haya, mimina humo sasa. Taratibu. Sema Bismillahi.