Siku Tisa za Kunyamaza

Mama alipofariki nilikuwa kidato cha pili. Baba alikuwa ametangulia miaka miwili kabla. Wazee wa ukoo hawakukaa kikao kirefu. Mimi ndiye mkubwa, basi nikaacha shule. Mdogo wangu wa kike alikuwa darasa la tatu, wa kiume alikuwa bado anajifunza kusema. Shangazi akahamia kwetu Zinga, na mimi nikapata kazi mjini Bagamoyo, kwenye duka la kutoa kopi na kuchapa, la mzee mmoja wa Kihindi.

Mwezi wa kwanza, mzee alichapa kadi za harusi akaweka siku siyo. Mteja amesimama hapo hapo, nikasema kwa sauti, "Mzee, hapa umekosea." Akasahihisha. Mteja alipoondoka mkewe aliniita kando. Hakunigombeza. "Mwanangu, macho unayo," alisema. "Ila ukiona kitu, mwite ndani umwambie. Mbele za watu mwachie heshima yake." Mama yangu angesema hivyo hivyo. Kuanzia siku hiyo nikiona kosa nilisogeza kikopo chake cha kalamu upande wa pili wa meza. Mzee alikiona, akaingia stoo kana kwamba anafuata karatasi, nami nikamfuata. Tuliishi hivyo miaka mingi na hakuna kadi iliyotoka na kosa.

Kompyuta nilijifunzia pale pale, wateja wakipungua. Nilianza na kurasa za hoteli za ufukweni, baadaye nikawa natengeneza programu kwa ajili ya kampuni moja ya Dar. Cheti sikuwa nacho, lakini kazi zangu zilionekana, na kwa kazi hizo kampuni moja ya Ujerumani ikaniita. Wakati huo mdogo wangu wa kike alikuwa ameshaolewa Makurunge. Wa kiume alikuwa shule ya bweni Lugoba, kidato cha pili, pale pale nilipoishia mimi. Nilikwenda ili yeye apite hapo na aendelee kusoma shule ile. Sikuwa na sababu nyingine.

Siku ya kuniaga Shangazi aliniambia niende salama, ila nisimletee mkwe anayekula mkate mchana. Mdogo wangu alibeba begi langu hadi barabarani. "Nikifaulu huu mtihani nitakuwa nimekupita kisomo, Dada," alisema. "Itabidi uniamkie shikamoo."

Nilifika mwezi wa sita. Mkataba ulikuwa na miezi sita ya majaribio. Kampuni ilitengeneza programu ya kupanga magari yanayowapeleka wagonjwa hospitali, hasa wanaosafishwa damu mara tatu kwa wiki. Aliyenipokea kituo cha treni alikuwa mwenzangu wa timu, mwanamume wa makamo ya marehemu baba. Alinisaidia kuchagua koti, akanionyesha wapi pa kununua mchele. Wote walimwita kwa jina lake la kwanza. Mimi nilishindwa, kwangu alikuwa mzee. Nilipomhitaji nilisogea karibu na meza yake nikasimama mpaka ageuke, na yeye akacheka kila mara.

Pale kazi ya kila mtu husomwa na mwenzake kabla haijaanza kutumika. Msomaji akiona kosa huliandika pembeni mwa mstari, chini ya jina la aliyekosea, na timu nzima inasoma. Akiridhika, anabonyeza alama ya kijani. Za vijana wenzangu niliziandikia bila shida. Za mzee nilikuwa namfuata jikoni akichemsha kahawa, namwambia polepole, anakwenda kurekebisha. Sikuona kwamba kuna ubaya.

Mwezi wa kumi jirani yangu aliniambia kwamba wiki inayofuata watarudisha saa nyuma, nchi nzima. Nilidhani ananitania. Kwetu jua linachomoza saa kumi na mbili na saa haiguswi. Nilikwenda kusoma habari zake kwa mshangao tu, na ndiyo maana Ijumaa ya wiki hiyo, nilipokuwa nasoma kazi ya mzee, niliona kosa. Programu yake ilipanga ujumbe wa kesho kwa kuongeza saa ishirini na nne juu ya ule wa leo, siku baada ya siku. Siku ya kurudisha saa ina saa ishirini na tano, kwa hiyo kuanzia hapo ujumbe wa abiria ungetangulia orodha ya madereva kwa saa nzima.

Alikuwa amesimama nyuma yangu, anavaa koti, na wengine wamekaa kote. Aliniuliza kama nimemaliza. Nikabonyeza alama ya kijani. Niliwaza kwamba saa zinabadilika Jumapili ya wiki inayofuata, na Jumatatu nitamkuta jikoni.

Jumatatu hakuja. Alikuwa mgonjwa, likizo wiki nzima. Nilimwandikia ujumbe wa faragha, mfupi, wenye salamu ndefu. Hakuusoma. Jumatano nilifungua ukurasa wa timu, nikaandika sentensi moja, nikaifuta. Kuwaambia wengine hali yeye yuko kitandani niliona ni kumsema nyuma ya mgongo wake. Ijumaa nilijiambia labda nimekosea hesabu mimi, mtu wa kidato cha pili. Nilijua sijakosea. Siku tisa zilipita hivyo, mpaka Jumapili.

Saa zilirudi nyuma Jumapili hiyo, siku isiyo na safari za wagonjwa. Jumatatu asubuhi wagonjwa waliambiwa washuke saa kumi na mbili, magari yakaja saa moja. Wengi waligombana na madereva tu. Bibi mmoja anayeishi peke yake alisimama nje kwenye giza na mvua, kwa sababu aliogopa gari lisimwache. Alipochoka alijaribu kukaa kwenye ngazi, akaanguka, akavunjika nyonga.

Kikao kilikuwa siku ya pili yake. Mzee alikuwa amerudi, bado anakohoa. Meneja wetu, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, alifungua ukurasa na jina langu lilikuwa pale pembeni ya alama ya kijani. Ningeweza kusema sikuliona kosa. Ningeonekana mjinga, na mjinga husamehewa.

"Uliliona?" aliniuliza.

"Niliona."

"Lini?"

"Kabla sijabonyeza."

Nilijaribu kueleza, nikasikia maneno yangu yanavyotoka kwa Kiingereza, hayana maana yoyote. Meneja hakupandisha sauti. Alisema, "Asiyeona naweza kumfundisha. Anayeona akanyamaza, sijui nimfanye nini." Nilipewa notisi ya wiki mbili niondoke kazini.

Mzee alinifuata hadi kwenye lifti. Nilitegemea hasira. "Ungeandika tu," alisema. "Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Ulidhani nitakufanya nini?" Alikuwa na macho ya mtu aliyetukanwa.

Kibali changu cha kuishi kiliniruhusu kutafuta kazi nyingine kwa miezi mitatu. Nilimpigia Shangazi, nikamweleza yote, na la yule bibi pia. Akasema nirudi, ugali upo. Nikamwambia sirudi. Barua za maombi nilizituma kila siku, na kila aliyeniuliza kwa nini niliondoka nilimwambia. Wengi hawakupiga tena. Januari ilifika, mdogo wangu alikuwa amefaulu, lakini ada sikuwa nayo, na Lugoba hakurudi. Alihamia shule ya kata hapo nyumbani. Nilimwomba radhi kwenye simu. "Dada, kidato cha tatu ni kidato cha tatu," alisema, akabadilisha mazungumzo. Hakunidai ile shikamoo, nami niliogopa kuitaja.

Wiki ya kumi nilipata kazi kwenye mji mdogo zaidi, kampuni ya watu sita, kutengeneza programu ya maghala. Siku ya nne nilipewa kazi ya mwanamke mwenye mvi, mwanzilishi wa kampuni, niisome. Alikuwa amekosea mstari mmoja. Nilikaa mbele ya kompyuta muda mrefu. Kisha nikaandika, chini ya jina lake, mbele ya wote: hapa si sahihi, na sababu ni hii.

Baada ya muda mfupi alijibu kwa neno moja, asante, akarekebisha. Hakuna aliyegeuka kuniangalia. Mmoja alikuwa anakula tufaha. Nilikwenda chooni nikafunga mlango nikalia, kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo, na yule bibi, nilivyosikia, hatembei tena.